Uzi: Merikebu za matanga kwenye filamu, na kwa nini nyingine hutushika na nyingine hutuchosha

Mleta uzi:

Wakuu, salaam.

Mwaka 2003 zilitoka filamu mbili kubwa za merikebu za matanga, zikipishana kwa miezi michache tu. Ya kwanza, Pirates of the Caribbean: The Curse of the Black Pearl, ilitoka Julai na kuvuna zaidi ya dola milioni 650 duniani kote. Ya pili, Master and Commander: The Far Side of the World, iliyoongozwa na Peter Weir, ilitoka Novemba, iligharimu takribani dola milioni 150 na kuingiza kama milioni 212, kiasi ambacho kwa hesabu za Hollywood hakikutosha kuizalia sehemu ya pili. Hata hivyo, leo hii wapenzi wa filamu wanapokaa kuzungumzia bahari, hiyo ya pili ndiyo wanayoichambua tukio kwa tukio, na ya kwanza huitaja kwa tabasamu kisha wakaendelea na mengine.

Hoja yangu naitaja mapema ili anayetaka kunipinga ajue pa kuanzia. Kinachotuvuta katika filamu hizi si bahari, wala si mizinga, bali ni chombo chenyewe, yaani mahali padogo pasipo mlango wa kutokea, ambapo watu hulazimika kufanya kazi kwa pamoja na kutii amri, wapende wasipende. Filamu inayoonyesha kazi hiyo na amri hiyo hudumu. Inayoichukua merikebu kama jukwaa la kurukia panga huchosha mapema, hata ikiwa imegharimu mamilioni.

Tuitazame Master and Commander kwa karibu. Inaanza kwa maandishi machache sana: manowari ya Uingereza iitwayo Surprise, mizinga 28, roho 197, pwani ya kaskazini ya Brazil, mwaka 1805. Neno hilo «roho» limewekwa kwa makusudi. Kabla ya kumjua nahodha tunaonyeshwa watu wakiwa wamelala katika machela zilizobanana, na juu ya sitaha ofisa kijana wa zamu akidhani ameona kitu ndani ya ukungu. Hana hakika. Akipiga king'ora cha vita bure, atachekwa na chombo kizima. Akinyamaza na adui yupo, watu watakufa. Anasitasita, na kijana mwenzake ndiye anayetoa amri. Dakika chache baadaye makombora ya manowari ya Kifaransa yanapasua mbao.

Mtazamaji wa kawaida hulisahau sitasita lile kwa sababu vita vimeanza, lakini mabaharia hawalisahau. Kadiri safari inavyoharibika, upepo ukakatika na maji ya kunywa yakapungua, wanaanza kunong'ona kwamba yule ofisa ana nuksi, kwamba ni Yunus aliyepanda chomboni na balaa lake. Mmoja anampita bila kumpisha, anachapwa mijeledi kwa kukosa adabu, na adhabu ile inaizidisha chuki badala ya kuizima. Mwishowe kijana yule anakumbatia risasi ya mzinga usiku na kujitosa baharini. Nchi kavu, mtu wa namna hiyo angehama mtaa au angeomba uhamisho wa kazi. Chomboni hana pa kwenda, na wanaomchukia nao hawana pa kwenda. Hapo ndipo lilipo jambo ninalolisema.

Tukio la pili ni lile la Rasi ya Horn, ncha ya kusini ya Amerika Kusini. Mlingoti unakatika katika dhoruba na kuanguka majini pamoja na baharia aliyekuwa juu yake. Mlingoti ule bado umefungwa kwa kamba, na sasa unaivuta merikebu upande mmoja kiasi cha kutaka kuizamisha, huku yule baharia akijitahidi kuogelea kuufikia, kwa kuwa ndiyo tegemeo lake pekee. Nahodha anashika shoka, na anayekata kamba pamoja naye ni rafiki wa yule aliye majini. Hakuna hotuba. Tumeelewa bila kuelezwa, kwa sababu kwa saa nzima filamu imekuwa ikitufundisha jinsi chombo kinavyoshikana, kamba kwa kamba.

Mafunzo hayo hayakuja kwa bahati. Watengenezaji walinunua merikebu halisi iliyoitwa Rose, nakala ya manowari ya zamani iliyoundwa Nova Scotia, Kanada, mwaka 1970, wakaifanya kuwa Surprise. Wakajenga nyingine ya ukubwa uleule ndani ya tangi kubwa la Baja California, Mexico, lile lililochimbwa kwa ajili ya Titanic. Waigizaji walifundishwa kupanda kamba na kuhudumia mizinga kabla ya kamera kuwashwa. Baadhi ya picha za mawimbi ya Rasi ya Horn zilipigwa na wapiga picha waliopanda nakala ya merikebu Endeavour iliyokuwa ikiipita rasi hiyo kwelikweli. Msimamizi wa sauti, Richard King, alifunga kamba nyingi kwenye fremu nyuma ya lori na kuliendesha jangwani dhidi ya upepo, ili tu apate mlio wa upepo unaopita katika kamba za merikebu. Filamu iliteuliwa kuwania tuzo 10 za Oscar na kupata 2, ya upigaji picha na ya uhariri wa sauti, katika mwaka ambao The Return of the King ilizoa 11. Kwangu mimi ile ya sauti inatosha: funga macho utazame filamu hii kwa masikio, na bado utajua upo chomboni.

Sasa niende kwenye mfano ambao naona ndio mizani nzuri kuliko yote, kwa sababu kisa ni kilekile kilichopigwa filamu kubwa mara tatu. Tarehe 28 Aprili 1789, katika Bahari ya Pasifiki, Fletcher Christian na wenzake waliiteka merikebu Bounty na kumtosa mkuu wao, William Bligh, pamoja na watu 18 waaminifu kwake, katika mashua ya wazi yenye urefu wa mita 7 hivi. Walikuwa wamekaa Tahiti miezi mitano wakikusanya miche ya mishelisheli, ambayo ilikusudiwa kupelekwa West Indies, yaani visiwa vya Karibi, iwe chakula cha watumwa. Bligh aliiongoza mashua ile zaidi ya kilomita 6,000 hadi Timor bila ramani, na mtu pekee aliyepotea njiani aliuawa na wenyeji wa kisiwa cha Tofua walipotafuta chakula.

Filamu ya 1935 ilimfanya Bligh, aliyeigizwa na Charles Laughton, kuwa shetani mwenye kofia. Ikafika hadi ya kumwonyesha akirudi na manowari Pandora kuwasaka waasi, ilhali Pandora iliongozwa na nahodha mwingine, Edward Edwards. Ilipata Oscar ya filamu bora, na mtu anaelewa kwa nini: dhalimu anayechapa hata maiti hukaa akilini. Ile ya 1962 yenye Marlon Brando ina rangi nzuri, visiwa vizuri na urefu wa kupindukia. Ya 1984, yenye Anthony Hopkins na Mel Gibson, haikupata sifa zile, lakini ndiyo iliyouliza swali lenye uzito: itakuwaje ikiwa Bligh hakuwa katili kuliko manahodha wenzake? Kumbukumbu za Bounty zinaonyesha kwamba mijeledi haikuwa mingi kwa viwango vya wakati ule, na kwamba aliihangaikia sana afya ya watu wake, hadi akachukua mpiga fidla ili wacheze dansi na wasishikwe na kiseyeye. Kilichomwangusha ni ulimi wake, ambao uliwadhalilisha maofisa mbele ya walio chini yao, ndani ya chombo ambamo aliyetukanwa asubuhi atakutana na aliyemtukana adhuhuri, alasiri na usiku, mwezi baada ya mwezi. Ukishaliona hilo, filamu ya 1935 inapungua uzito kidogo, kwa kuwa kumwasi shetani ni rahisi. Kumwasi mtu anayejua kazi yake kuliko wewe, ambaye hata ukimtosa katika mashua atafika, hilo lina uchungu.

Kwa waliofeli sitakaa sana. Cutthroat Island ya 1995 iligharimu karibu dola milioni 100 na kurudisha milioni 10 tu nchini Marekani, huku kampuni iliyoitengeneza, Carolco, ikiwa imekwisha kufilisika. Ina milipuko ya kila aina. Lakini hakuna anayeonekana kufanya kazi yoyote katika zile merikebu. Zinakwenda zenyewe, kama daladala lisilo na dereva.

Kuna mfano mmoja wa Asia ambao wengi wetu hatujautazama. Mwaka 2014 Korea Kusini ilitoa The Admiral: Roaring Currents, kuhusu vita vya Myeongnyang vya mwaka 1597, ambapo Admirali Yi Sun-sin, akiwa na merikebu 13 tu (filamu hutaja 12), alizikabili zaidi ya 100 za Japani na kushinda. Nusu ya pili ya filamu, takribani saa nzima, ni vita tupu, na kwa hoja yangu ilipaswa kunichosha. Haikunichosha, kwa sababu vita vyote vimejengwa juu ya jambo moja la kibaharia: mlangobahari ule ni mwembamba, mkondo wake ni mkali, na hugeuka kwa saa zake. Yi anajua utageuka lini. Mtazamaji anayasubiri maji pamoja naye. Watu zaidi ya milioni 17 waliitazama sinemani katika nchi yenye wakazi wapatao milioni 50.

Naomba michango yenu, hasa ya wanaopinga.

Mchangiaji kutoka Mombasa:

Mleta uzi, umeandika vizuri, ila kuna jambo umelipita kwa ncha ya kidole. Umetaja kwamba mishelisheli ya Bounty ilikuwa chakula cha watumwa, kisha ukaendelea na ulimi wa Bligh. Hiyo Surprise yako ni ya mwaka 1805, na Uingereza haikupiga marufuku biashara ya watumwa hadi 1807. Maana yake ni kwamba katika bahari zilezile, siku zilezile, kulikuwa na vyombo vya bendera ileile vilivyojaa watu waliofungwa minyororo, na filamu hizi hazivioni. Tunaalikwa kuupenda utaratibu, nidhamu na udugu wa chomboni, bila kuulizwa shehena ya vyombo vya jirani ilikuwa nini. Mimi nazitazama na nazifurahia, sitaki kujifanya mtakatifu, lakini naona raha yake imenunuliwa kwa kufumba jicho moja.

Mleta uzi:

Mkuu, hoja yako ina uzito na sitaikwepa. Kwa kweli, filamu inayoipima vizuri zaidi hoja yangu ni ile inayomtazama aliye chini ya sitaha: Amistad ya Steven Spielberg, ya mwaka 1997. Mwaka 1839, katika maji ya Cuba, Waafrika 53 waliokuwa wakisafirishwa kama bidhaa waliinuka usiku wakiongozwa na Sengbe Pieh, mtu wa kabila la Wamende kutoka nchi iitwayo leo Sierra Leone. Walimuua nahodha, na chombo kikawa chao.

Tazama sasa kilichofuata. Walikuwa na silaha na walikuwa wengi, ila hawakuwa na elimu ya kukiendesha chombo kile, na kwa hiyo waliwaacha hai Wahispania wawili ili wawarudishe Afrika. Mchana wale wawili walikielekeza chombo mashariki, kuelekea jua linakochomoza, kwa kuwa wangefanya vinginevyo Waafrika wangeshtuka. Usiku wakakigeuza taratibu kuelekea kaskazini na magharibi, hadi wakajikuta karibu na Long Island, Marekani, mikononi mwa serikali. Uhuru ulikuwa umekwisha kupatikana kwa nguvu za mikono, ukapotea kwa sababu ya usukani. Sijui filamu nyingine yoyote ya bahari inayoonyesha kwa ukatili namna hiyo kwamba chomboni mamlaka hukaa kwa anayejua njia.

Lawama yangu kwa Spielberg ni kwamba anaondoka chomboni mapema. Sehemu kubwa ya filamu ni mahakama, mawakili na hotuba ya John Quincy Adams, rais wa zamani wa Marekani, na ingawa Mahakama ya Juu ya Marekani iliwaachia huru kweli mwaka 1841, mtu unabaki ukitamani zile wiki za usiku na mchana baharini, za kushuku nyota bila kuwa na uhakika, zingepewa nafasi zaidi. Djimon Hounsou, aliyemwigiza Sengbe, angeweza kuibeba filamu nzima bila mwanasheria hata mmoja.

Mchangiaji kutoka Pemba:

Wanangu, mimi nimekuwa baharia wa majahazi kabla ya mashine kuenea, nami nasema mleta uzi amegusa penyewe, ingawa amezungumza kama mtu wa sinema. Nikitazama filamu hizi, jambo la kwanza ninalotazama ni mikono. Waigizaji wengi hushika kamba kwa namna ya mtu aliyekabidhiwa kamba dakika ile. Katika jahazi, tunapogeuza tanga, foromali, ule mti unaobeba tanga, hupitishwa mbele ya mlingoti na demani, kamba ya kuvutia tanga, kuhamishiwa upande wa pili, na watu wasipokwenda kwa sauti moja, tanga lenye upepo humtosa mtu kabla hajasema bismillahi. Ndiyo maana mabaharia huimba. Wimbo ule si burudani, ni saa ya kazi.

Filamu za Sindbad ndizo zilizonikera zaidi, kwa kuwa yule tunamhesabu ni wa bahari yetu. Hupewa vyombo vya umbo la Kizungu, vya mbao zilizopigiliwa misumari, ilhali vyombo vya zama hizo katika bahari hii vilishonwa kwa kamba za nazi, kama mitepe ya Lamu iliyokuwapo mpaka karne iliyopita. Yule msafiri na mwandishi Tim Severin alikwenda Oman, akaundiwa chombo cha kushonwa huko Sur, akakiita Sohar, akakisafirisha kutoka Muscat hadi China mwaka 1980 na 1981. Kikafika. Basi haiwezi kusemwa kwamba ni ndoto.

Mleta uzi:

Shikamoo mzee wangu. Maelezo yako ya foromali yamenipa sababu ya kuirudia Master and Commander na kuitazama mikono peke yake. Na hilo la wimbo kuwa saa ya kazi ningeomba uliandikie uzi wake, kwani huku bara hatuna wa kumuuliza.

Mchangiaji kutoka Dodoma:

Nitakuwa mkweli. Niliitazama hiyo filamu ya 2003 pamoja na mke wangu, naye aliinuka baada ya nusu saa akisema hakuna mwanamke hata mmoja, na wanaume wote wanafanana kwa uchafu. Sikuwa na jibu. Halafu naona mnaionea Pirates of the Caribbean. Si kila filamu lazima itufundishe kufunga kamba. Mtu aliyechoka na kazi anataka kucheka, na Johnny Depp alimchekesha.

Mleta uzi:

Mkuu, mwambie shemeji ana haki. Mwanamke anaonekana mara moja, ndani ya mashua ya wauza bidhaa pwani ya Brazil, bila neno lolote. Hiyo ni gharama ya kufungia hadithi ndani ya manowari ya zama zile, na asiyetaka kuilipa halazimishwi. Kuhusu Pirates, sehemu ya kwanza naipenda. Ila kumbuka kwamba Jack Sparrow mwenyewe ni nahodha aliyenyang'anywa chombo na mabaharia wake. Wangeondoa kisa cha maasi, zingebaki kofia tu.

Mchangiaji kutoka Mombasa:

Swali la mwisho kwako, mleta uzi. Tumezungumzia Waingereza, Wakorea na Wamarekani. Katika historia ya pwani yetu, ungechagua safari gani, na ungeipigaje filamu bila dola milioni 150?

Mleta uzi:

Ningechagua Sultana, bila kufikiri mara mbili. Ilikuwa merikebu ya Sayyid Said, iliyoundwa Bombay mwaka 1833. Mwanzoni mwa 1840 ilitoka Zanzibar, ikaizunguka Afrika na kutia nanga New York tarehe 30 Aprili, ikiwa na karafuu, pembe za ndovu, kahawa, tende na ngozi. Ahmad bin Na'aman ndiye aliyekuwa mjumbe na mkuu wa safari. Picha yake iliyochorwa hukohuko na mchoraji wa New York ipo hadi leo. Merikebu ilifika ikiwa imechakaa vibaya, na karakana ya jeshi la majini la Marekani ikaitengeneza kabla haijaanza safari ya kurudi mwezi Agosti.

Kuhusu fedha, jibu limo ndani ya hoja yangu. Si lazima tuonyeshe Rasi ya Tumaini Jema wala dhoruba. Ningeanzia gatini New York: mabaharia wa Zanzibar, Omani na India wakiwa wamekaa miezi mitatu kwenye chombo kisichoweza kuondoka, katika mji ambao watu walifurika kuwashangaa na ambamo utumwa ulikuwa umefutwa mwaka 1827 tu, huku mjumbe akiwa na shehena ya kuuza, heshima ya Sultani ya kulinda, na watu wa lugha nyingi wa kuwashika pamoja. Sitaha moja, vyumba vinne vya chini na ukuta wa gati vinajengeka hata kwenye ghala Tanga au Mtwara. Mzee wa Pemba angetufundishia waigizaji mikono, na kwa kuwa karakana ingelazimika kuishusha milingoti na kuipandisha upya, kazi yote ya chomboni tungeionyesha bila kwenda baharini hata siku moja.